Risasi Isiyo na Risasi: Uhakiki wa Istilahi za Bunduki ya Kuwindia

Miongoni mwa miswada iliyoletwa mezani petu kuombewa ithibati ya lugha, umo mmoja ambao kwa kuutazama juu juu ulielekea kuwahusu watu wachache mno. Ni tafsiri ya kitabu cha mwongozo kilichoandikwa kwa Kiingereza huko Marekani, nacho chamfundisha mwindaji namna ya kuchagua bunduki ya kulenga mbali, na namna ya kuiboresha ile aliyo nayo. Tafsiri ilifanywa kwa ajili ya mafunzo ya wawindaji bingwa, wasaidizi wao na askari wa wanyamapori. Jina la mfasiri na la waliomwagiza hatutalitaja, maana nia ya makala haya si kumwaibisha mtu. Muswada haukupata ithibati. Ulirudishwa pamoja na maelezo ya kurasa kumi na nne. Waliouleta wakanung'unika kwamba tunachelewesha kazi ya watu kwa kung'ang'ania maneno. Yafaa basi tueleze hadharani ni maneno gani hayo, na kwa nini tuliyang'ang'ania.

Haki ya mfasiri itangulie. Kiswahili chake ni chepesi, sentensi zake hazijikwai, na mahali pengine amefanya kazi ambayo sisi wenyewe tungejivunia. Lile tendo la kurekebisha darubini iliyofungwa juu ya bunduki, mpaka mahali inapoelekea darubini na mahali inapopiga risasi pakawa pamoja, Waingereza wameliita kwa neno la sifuri. Mfasiri hakuikimbilia sifuri hiyo. Ameandika kuoanisha: mwindaji huoanisha darubini na mtutu. Rangi mbili huoana, maneno ya mashahidi wawili huoana, na sasa darubini na mtutu nazo zaoana. Istilahi hii tumeipokea bila mjadala, na tunawashauri wafasiri wengine waichukue.

Kasoro ya muswada haimo katika neno moja moja. Imo katika namna maneno yanavyogongana. Istilahi za fani huishi kwa kutofautiana na jirani zake. Neno likilala mahali pa jirani yake, yote mawili hupotea. Mfasiri alilitafuta kila neno la Kiingereza katika kamusi, akaliandikia la Kiswahili, akahamia la pili, wala hakupata kurudi nyuma kutazama kama aliyoyachagua yanaweza kukaa nyumba moja. Na kitabu cha kuchagua bunduki ni kitabu cha kuamua. Msomaji hakisomi kwa kujiburudisha. Akikifunga atanunua kitu, au atabadilisha kitu, au ataacha kama kilivyo. Kwa hiyo kipimo tulichokitumia ni hiki: je, mtu asiyejua Kiingereza, akiisoma tafsiri hii peke yake, ataamua kama angeliamua msomaji wa kitabu cha asili?

Wako watakaouliza kama kuna haja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania uwindaji huendeshwa kwa leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wageni huja na silaha zao. Zamani mgeni alikuja na bunduki ya .375 H&H Magnum, ambayo risasi yake ilitolewa mwaka 1912, au na .30-06 ya mwaka 1906, na mwenyeji wake alizijua zote mbili kama ajuavyo jembe lake. Siku hizi mgeni aweza kuja na 6.5 Creedmoor, iliyotoka mwaka 2007, na juu yake darubini yenye vifundo na tarakimu nyingi kuliko redio ya meza. Ikiwa mwindaji bingwa hana maneno ya kuihoji bunduki hiyo kabla ya kwenda nayo porini, atakayelipa ni mnyama atakayejeruhiwa na kutokomea vichakani, na msaidizi atakayetumwa kumfuata.

Ofisini petu hakuna aliyewahi kushika bunduki ya kuwindia, na mimi ni wa kwanza kukiri. Kwa sababu hiyo niliuchukua muswada nikaenda nao kwa mzee mmoja, askari wa wanyamapori mstaafu aliyetumikia miaka mingi katika mapori ya kusini. Nikamwamkia, nikaketi barazani, nikaanza kumsomea. Sentensi ya kwanza ilisema: "Bunduki bora ni ile inayotoa kundi dogo katika mita 300." Mzee akanyamaza, kisha akauliza, "Kundi la nini, mwanangu? La swala?"

Nikaendelea: "Hii ni bunduki ya dakika moja."

"Dakika nzima?" akasema. "Mwambie huyo aliyeandika kwamba nyati hakupi dakika."

Mzee hakukosea hata kidogo. Kwa mwindaji, kundi ni la wanyama, na dakika ni ya saa. Kilichokusudiwa ni kingine kabisa. Mtu akifyatua risasi tatu au tano kwenye karatasi bila kubadilisha shabaha, matundu yake hayawi tundu moja. Husogeleana au hutawanyika, na ukubwa wa eneo yanalolichukua ndio unaopimwa. Hilo ndilo lililoitwa kundi. Sisi tumependekeza kishada: kishada cha matundu. Shada na kishada ni vitu vidogo vilivyoshikamana, kama maua au zabibu, na neno lenyewe limebeba wazo la udogo ambalo mwindaji analitafuta. Mjumbe mmoja alipinga, akisema kwa watoto wa pwani kishada ni kile wanachokirusha angani kwa uzi. Ni kweli, ila hatujamwona mtu atakayekichanganya na matundu ya karatasi.

Ama dakika, ni kipimo cha pembe. Duara lina digrii 360, na kila digrii hugawanywa kwa dakika 60. Dakika moja ya pembe, ukienda nayo hadi mita 100, imefunguka kwa milimita 29. Kwenye mita 300 imefikia milimita 87, na kwenye mita 500 milimita 145. Bunduki iliyoitwa "ya dakika moja" ni ile ambayo kishada chake hakipiti upana huo katika kila umbali. Hapa hapahitajiki neno jipya. Walimu wa hesabu wanalo tayari: dakika ya pembe. Kinachohitajika ni nidhamu ya kuliandika lote kila mara, hata kama sentensi itarefuka, na tumeagiza hivyo. Kifundo cha darubini nacho, kinapozungushwa, huenda kwa hatua ndogo zinazolia moja moja, na katika darubini nyingi kila hatua ni robo ya dakika ya pembe. Mfasiri ameiita hatua hiyo "mlio". Tumependekeza kidato, yaani kipago cha ngazi, ingawa twajua kwamba walimu watacheka wakisoma "panda vidato vinne".

Sasa nifike penye kiini cha ubishi wetu.

Chukua bunduki mbili. Ya kwanza hupiga matundu matano yaliyobanana yakafunikika kwa kifuniko cha chupa, lakini yote yako sentimita 15 juu ya alama iliyolengwa. Ya pili huyatawanya matundu yake juu, chini, kushoto na kulia. Ukitafuta katikati yake, katikati hiyo ni alama yenyewe. Bunduki hizi zina maradhi mawili tofauti. Ya kwanza ni nzima. Darubini yake tu haijaoanishwa, na dawa ni kuzungusha vifundo kwa muda mfupi na risasi chache za majaribio. Ya pili yaweza kuwa na mtutu uliolika, au kiwiliwili kisichokaa imara kwenye kitako, au risasi zisizoupenda mtutu huo, na huenda ikadai fundi, mtutu mpya na fedha nyingi. Kitabu cha asili kinatumia maneno mawili, na sura nzima imejengwa juu ya tofauti yake. Muswada una neno moja: usahihi. Basi twasoma katika ukurasa mmoja kwamba "bunduki ikikosa usahihi, rekebisha darubini", na katika ukurasa unaofuata kwamba "bunduki ikikosa usahihi, badilisha mtutu".

Askari mwenye mshahara wake mdogo, aliyeambiwa akaguliwe bunduki ya kituo, afanye lipi? Akiifuata sentensi ya pili wakati ugonjwa ni wa kwanza, fedha za kituo zimetupwa. Akiifuata ya kwanza wakati ugonjwa ni wa pili, atazungusha vifundo kutwa nzima akiifukuza risasi isiyokaa mahali pamoja, na mwisho ataondoka akiamini amemaliza kazi kwa sababu tundu la mwisho liliangukia kwenye alama kwa bahati.

Nilipomweleza mzee jambo hili hakushangaa. Alisema wao kazini walikuwa na namna yao ya kusema: bunduki ya kwanza "inarudia", na ya pili "hairudii". Bunduki inayorudia huirudisha risasi pale pale ilipopita ya kwanza, hata kama pale si mahali pema. "Inayorudia utaifundisha," alisema, "isiyorudia utamfundisha nini?" Nilitoka barazani kwake nikiwa na istilahi ambayo nisingeliipata katika kamusi yoyote. Pendekezo letu ndilo hilo: usahihi ni kupiga mahali palipolengwa; urudiaji ni kupiga mahali pale pale kila mara. Bunduki yaweza kuwa na urudiaji bila usahihi. Mwindaji anunuapo bunduki ananunua urudiaji. Usahihi atautia mwenyewe kwa kuoanisha.

Pingamizi lilikuja, na lilikuwa la haki. Mfasiri amekwisha kulitumia neno hilo kwingine: "bunduki ya kurudia" ameiita ile yenye kubeba risasi kadhaa ndani yake, isiyohitaji kushindiliwa upya kila baada ya mlio. Kama tukiyaacha yote mawili tutakuwa tumeyarudia makosa yake. Tumeamua kwamba bunduki hiyo iitwe bunduki ya magazini, kwa kuwa neno magazini tayari limo vinywani mwa askari na limo katika maandishi ya mafunzo yao, na urudiaji ubaki huru.

Lazima pia nikiri kosa letu. Katika orodha ya istilahi za vipimo tuliyoisambaza mashuleni miaka michache iliyopita, sisi wenyewe tuliliandika neno usahihi mbele ya dhana zote mbili, kwa sababu mjadala ulikuwa mrefu na siku ilikuwa imekwisha. Mfasiri alitufuata. Tulikuwa tukimtoza kosa tulilomfundisha, na mwalimu wa fizikia aliyewaeleza wanafunzi wake kwa orodha ile juu ya mizani inayokosea daima kwa gramu tano, na mizani inayosema hivi leo na vile kesho, alikuwa katika shida ile ile ya yule askari. Masahihisho ya orodha yatatolewa, nayo yatalichukua neno la yule mzee.

Neno shabaha limetusumbua kwa namna nyingine. Muswada unalitumia kwa kitu kinacholengwa, kwa tendo la kulenga, kwa ustadi wa mlengaji, na mara mbili kwa ubora wa bunduki. Matatu ya mwanzo ni matumizi ya siku zote na muktadha huyatenganisha. La nne tumelikataa. Mtu huwa na shabaha, bunduki haina. Ukisema bunduki ina shabaha nzuri umemwondolea mtu wajibu wake.

Kichwa cha makala haya nimekitoa katika sura ya sita ya muswada, panapoelezwa "risasi isiyo na risasi". Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la chapa. Risasi katika Kiswahili ni jina la madini, kama lilivyotoka Kiarabu; ni kile kipande kinachoruka na kumpiga mnyama; ni kitu kizima pamoja na ganda, baruti na fataki; na katika simulizi ni hata mlio: "tulisikia risasi tatu". Kwa mazungumzo ya kawaida hakuna aliyepata hasara. Lakini mwindaji wa leo lazima aijue tofauti. Katika jimbo la California, tangu Julai 2019, hairuhusiwi kumwinda mnyama yeyote wa porini kwa risasi zenye madini hayo, kwa sababu kondori, yule ndege mkubwa mla mizoga wa huko, alikuwa akifa kwa sumu yake anapokula matumbo yaliyoachwa na wawindaji. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo, kuanzia Februari 2023, zimekataza marisau ya madini hayo katika maeneo oevu. Mgeni atokaye huko huja na risasi za shaba tupu. Na shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kipande cha uzito ule ule lazima kiwe kirefu zaidi, na kipande kirefu hakitulii hewani ila kikisokotwa zaidi ndani ya mtutu. Haya yote mfasiri ameyasema kwa sentensi moja, nayo ni hii: "Risasi ya shaba ni ndefu kuliko risasi ya risasi, hivyo huhitaji msokoto wa haraka." Mtu atakayeielewa sentensi hiyo ni yule aliyekwisha kuijua.

Dawa haikuwa mbali. Kamusi za kale ziliandika kiasi cha bunduki kwa kitu kizima, kwa kuwa baruti yake imekwisha kupimwa. Lakini kiasi cha leo kina kazi nyingi mno, hatuwezi kumwongezea. Tumefuata lugha ya polisi na ya magazeti. Risasi ibaki kuwa kitu kizima, kama watu wasemavyo wanapohesabu. Ganda la risasi ni ganda, na kila mtu ameshaona picha za maganda ya risasi. Kipande kinachoruka ni kichwa cha risasi, au kichwa tu mahali pasipo na utata. Na madini yaitwe madini ya risasi, kwa maneno yote mawili. Sentensi ya mfasiri sasa inasomeka hivi: "Kichwa cha shaba ni kirefu kuliko kichwa cha madini ya risasi chenye uzito ule ule, hivyo huhitaji mtutu wenye msokoto mfupi zaidi." Watumishi wa mahakama wataitambua faida hii upesi. Mwaka 2021 yalipitishwa marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, na hati ya mashtaka inayosema mtu alikutwa na risasi tano haina budi kujua kama alikutwa na risasi, au na maganda, au na vichwa.

Huo msokoto nao una maelezo yake. Ndani ya mtutu huchongwa mifuo inayozunguka kama uzi wa skrubu, nayo ndiyo inayokizungusha kichwa ili kisipepesuke. Msokoto hupimwa kwa urefu ambao mfuo hukamilisha mzunguko mmoja. Mitutu mingi ya .308 Winchester huzunguka mara moja kwa kila inchi 12 au 10, yaani sentimita 30 au 25, ya 6.5 Creedmoor kwa kawaida ni inchi 8, sentimita 20. Mfasiri amefuata Kiingereza akaita msokoto wa haraka na msokoto wa polepole. Hapa hakuna kinachokwenda haraka, chuma kimetulia. Kilicho kweli ni kwamba msokoto mmoja ni mfupi na mwingine ni mrefu, na maneno mfupi na mrefu humwezesha msomaji kuuona kwa jicho la moyo, tena humwonya kwamba tarakimu ndogo ndiyo yenye kusokota zaidi.

Penye hatari hasa ni kipimo cha uzito. Vichwa na baruti hupimwa kwa kipimo cha Kiingereza ambacho jina lake lilitokana na punje ya nafaka. Mfasiri ameandika punje. "Kwa kongoni tumia risasi ya punje 180." Mzee wangu alisikia hivyo akasema bila kusita, "Hiyo ni shotigani." Na kwa nini asiseme hivyo? Risasi ya marisau hujazwa punje, na punje 180 ndani ya ganda la shotigani si jambo la ajabu. Kilichokusudiwa ni kichwa kimoja chenye uzito wa gramu 11.7. Tumependekeza greni, na kila mahali gramu ziandikwe kando yake. Lakini hata greni haitoshi bila onyo, kwa maana katika kurasa mbili za muswada mpiga chapa, au mfasiri mwenyewe aliyechoka, ameandika gramu mahali pa kipimo hicho. Gramu moja ni greni 15.4. Katika uzito wa kichwa kosa hilo litachekesha. Katika jedwali la baruti, kwa mtu ajazaye maganda yake mwenyewe, halichekeshi. Kwa sababu ya kurasa hizo mbili peke yake ningeliurudisha muswada huu, hata kama yaliyobaki yangelikuwa safi.

Tafsiri za neno kwa neno ni nyingi, na sehemu yake kubwa ni za kuchekesha tu. Sehemu ya bunduki inayobeba komeo na kuunganisha mtutu na kitako imeitwa mpokeaji, ikawa twasoma "skrubu za mpokeaji zikazwe". Tumeiita kiwiliwili. Kuboresha bunduki kumeitwa "kuipandisha daraja", kana kwamba imetimiza miaka mitatu kazini na taarifa zake za siri ni nzuri. Nguvu imetumika kwa nishati ya kichwa, kwa ukuzaji wa darubini na kwa ukali wa msukumo wa bega. Eneo la moyo na mapafu limeitwa eneo muhimu, jina ambalo lafaa zaidi kituo cha umeme.

Moja lastahili maneno zaidi, nalo ni "mtutu unaoelea". Kitu huelea majini. Msomaji aliyesoma kwamba bunduki bora ina mtutu unaoelea atadhani umelegea, na kitu kilicholegea kwenye bunduki hukazwa. Hivyo ataharibu kile kile alichoshauriwa kukitafuta. Maana yake ni kwamba mtutu umeshikwa kwenye kiwiliwili peke yake, na kutoka hapo hadi mdomoni haugusi kitako, ili mti ukivimba kwa unyevu au chuma kikipata moto, kimoja kisimsukume mwenziwe. Hujaribiwa kwa kupitisha karatasi kati ya mtutu na kitako. Tumeandika mtutu usiogusa. Si neno la kupendeza sana, lakini fundi yeyote atalielewa bila kuuliza. Na ile kazi ya kukitengenezea kiwiliwili mahali pake pa kulala ndani ya kitako, mara nyingi kwa gundi ya epoksi, ambayo mfasiri ameiita "utandikaji wa kitanda", tumeiita malalo. Bunduki yenye malalo mabovu hairudii.

Juu ya kipenyo cha mtutu mfasiri alidanganywa na tarakimu, wala simlaumu. Ameandika kwamba .308 na 7.62 ni vipenyo viwili tofauti, na kwamba kimoja "ni kikubwa kidogo". Mtutu ni ule ule. Ukipima kutoka shina la mfuo hadi shina la mfuo wa mkabala utapata inchi 0.308, sawa na milimita 7.82, ukipima juu ya matuta yaliyo baina ya mifuo utapata milimita 7.62. Na katika .30-06, tarakimu za mwisho si kipimo bali ni mwaka wa 1906. Haya ni majina kama majina ya watu, hayafasiriki, na njia salama ni kuyaacha kama yalivyochapwa kwenye ganda.

Neno moja limetugawa mpaka leo. Ni kile chuma kinachosukumwa mbele na kugeuzwa ili kuifungia risasi ndani ya chemba kabla ya kufyatua. Nimekwisha kukiita komeo katika makala haya, na wenye macho wataona kwamba nimechukua upande. Wajumbe wawili wanataka bolti, kwa kuwa ndivyo wasemavyo mafundi. Mimi naona bolti tayari ni ile ya nati, na bunduki ina bolti za namna hiyo pia. Tena kuisukuma na kuigeuza ndiko hasa kukomea, na wazee wetu walipoichukua fyatua kutoka kwenye mtego wakaipa bunduki, hawakuona aibu kutumia chombo cha zamani kwa kazi mpya. Kuhusu ule msukumo wa bunduki begani baada ya mlio, hatuna neno la kuridhisha. Mzee alisema kila mmoja wao alikuwa na lake, na mengine hayaandikiki. Wasomaji walioko karibu na mapori ya akiba, na walimu wa vyuo vya wanyamapori, ambao wamewahi kusikia neno likitumika kwa mazoea, twawaomba watuletee, pamoja na sentensi kamili walimolisikia.